Jibu la Wimbo wa Tisa

Siku kumi na mbili kabla ya uzinduzi wa albamu, Wakonyo alituma ujumbe wa tano wa kuomba radhi. Safari hii alisema ana magauni sita ya wasindikizaji wa bibi harusi ambayo lazima yatoke Ijumaa, kwa hivyo studio hataweza kufika, labda wiki ijayo, pole sana. Musembi aliusoma ujumbe huo akiwa amekiinamia kioo cha dirisha la mteja, na kama hangekuwa fundi wa vioo wa miaka kumi na mitatu, kioo kile kingepasuka palepale. Aliweka kifaa chake mezani, akatoka nje ya duka, akasimama kwenye jua la Thika huku amefura kwa hasira, bila hata kujua ametoka kufanya nini.

Labda wiki ijayo. Wiki ijayo ya nani? Mabango yalikuwa yamekwisha kubandikwa kutoka Makongeni hadi mjini, yenye picha yao wawili wamekaa mgongo kwa mgongo, yeye na gitaa lake, Wakonyo akiangalia juu kana kwamba anahesabu mawingu. Nyimbo tisa za mapenzi, mabango yalisema, kwa herufi ambazo hata mtu wa boda boda angezisoma bila kupunguza mwendo. Nyimbo nane zilikuwa tayari. Wa tisa ulikuwa nusu, na nusu iliyokosekana ilikuwa ya Wakonyo.

Sasa tuyaseme mambo yalivyo, maana Musembi mwenyewe hangeyasema hata kwa kufinywa. Hasira ile haikuwa ya albamu. Albamu ingetoka na nyimbo nane na hakuna mtu Thika nzima ambaye angekosa usingizi. Hasira ilikuwa kwamba wimbo wa tisa ndio uliomfanya aziandike zile nane nyingine. Katika wimbo huo mwanamume anamuuliza mwanamke kama atakaa naye, na mwanamke anajibu. Musembi alikuwa amempenda Wakonyo kwa miaka minne bila kumwambia neno, na alikuwa amejenga albamu nzima ili afike mahali pa kumsikia akijibu. Wengine huandika barua au hununua maua. Wengine husimama tu na kusema, jambo linalochukua nusu dakika. Yeye alitumia mwaka mmoja na miezi mitatu.

Wote wawili walikuwa katika bendi ya watu sita iliyopiga harusi na sherehe za ruracio, yaani za mahari, kila Jumamosi, kutoka Ruiru hadi Gatundu. Kiongozi wao alikuwa Kinyanjui, mpiga besi, mzee mwenye kupenda ratiba kuliko muziki. Kwa Kinyanjui kila saa ilikuwa na sauti yake. Maharusi wakiingia, nyimbo za kanisa. Jua likipungua makali, mugithi, akina shosho washikane viuno na kuzunguka hema. Ila pale katikati, wageni wakiwa wamejaza sahani, Kinyanjui hakutaka kelele, na ndipo alipowaachia jukwaa Musembi na Wakonyo, gitaa na kinanda, wapige rock laini, ile ya ngoma inayoguswa tu kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili. Kinyanjui aliuita muziki wa kutafunia. Ndivyo mapenzi yote ya Musembi yalivyoanza kuimbwa, mbele ya watu mia tatu wanaogombania kuku.

Halafu bibi harusi mmoja wa Juja akauliza nyimbo zile za saa ya chakula zinapatikana wapi. Wakonyo alicheka siku hiyo njia nzima ya kurudi, akasema basi tuzirekodi, kwani tutakufa? Kinyanjui akakubali kwa shingo upande, mradi Jumamosi ibaki ya bendi. Musembi hakulala siku mbili.

Maneno yote aliyaandika yeye, katika nyumba yake ya kupanga pale Kiganjo. Aliandika sehemu ya mwanamume, akaandika na ya mwanamke. Wakonyo alikuwa na sikio kali na angepindua tuni hadi iketi vizuri, lakini maneno aliyaacha yalivyo, isipokuwa siku moja alipouliza mbona huyu mwanamke kila wimbo yuko dirishani, kwani hana kazi? Musembi alicheka. Mtu anayekata vioo tangu asubuhi hadi jioni huona madirisha hata akifumba macho. Hakufikiri kwamba aliulizwa swali.

Studio ilikuwa Juja, katika nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na mabweni ya wanafunzi. Mwenyewe aliitwa Kiama, kijana mpole aliyebandika trei za mayai na blanketi kuukuu ukutani kuzuia mwangwi. Chumba cha kulala kilikuwa cha kuimbia, sebule ya mitambo. Utaratibu wao ulikuwa mmoja kwa kila wimbo. Musembi alitangulia peke yake, akapiga gitaa, kisha akauimba wimbo mzima kuonyesha njia, sehemu yake na ya Wakonyo. Kwenye sehemu ya Wakonyo alilikaza koo, sauti ikawa nyembamba kama ya mama wa kwaya mwenye mafua. Kiama aliiita dami. Baadaye Wakonyo alikuja, akasikiliza, akaimba juu yake, na Kiama akaifuta ile ya Musembi.

Hakuna kitu duniani ambacho Musembi alikipenda kama dakika hiyo, sauti yake ya kuigiza inapozimwa na ya Wakonyo inapoingia mahali pake. Angeuliza, nilikukosea wapi, na Wakonyo angemjibu, hukunikosea, nilikuwa nakungoja. Alitoka Juja akielea. Mara nane alirudi Kiganjo akiamini kwamba wameongea, na kwamba wimbo baada ya wimbo mambo yao yanasonga mbele. Ni kama mtu anayejitumia barua, halafu anamkumbatia tarishi.

Wa tisa aliupa jina *Utakaa?* Mwanamume anauliza, nikikuomba ukae, utakaa? Mwanamke anajibu, nitakaa, hata ungechelewa miaka kumi ungenikuta hapa. Basi, ndicho hicho kiitikio chote. Dami ilirekodiwa mwezi mmoja uliopita. Tangu hapo Wakonyo akaanza kupiga chenga.

Kwanza ilikuwa mafua. Halafu chama cha akina mama wa Kiuu, mtaa wake upande wa Ruiru, kilikuwa kwake. Halafu mashine yake ya kushonea iliharibika, halafu jino, na sasa magauni. Kilichomchoma Musembi zaidi ni kwamba kila Jumamosi walikutana harusini na Wakonyo alikuwa yule yule. Alipiga kinanda, akacheka, akampa nusu ya soda yake kama kawaida. Ila mtu akitaja tu wimbo wa tisa, ghafla kunakuwa na waya unaohitaji kukunjwa. Musembi alianza kuamini kwamba kuna bendi kubwa ya Nairobi inayomvuta. Alimchunguza, akamchunguza na simu yake inapolia, akaona aibu, akaendelea kuchunguza.

Na mama yake, Mwaitu Ndanu, alikuwa hampi nafasi ya kupumua. Aliishi kwenye shamba upande wa Yatta, na kila Jumapili akitoka kanisani alipiga simu. Alikuwa amesikiliza nyimbo mbili kwenye simu ya jirani na akahukumu kwamba mambo yameiva. Hakuna msichana, alisema, anayemwimbia mwanamume maneno yale na bado wawe watu baki. Alikuwa amekwisha kutenga mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao Wakamba huwapeleka kwa kina msichana ili ijulikane kwamba mtoto wao ameombwa. Aliwatenga kabisa, hawachanganyi na wengine malishoni. Alichotaka kujua ni lini wazee washuke Ruiru. Musembi angeweza kumwambia kwamba hajamuuliza msichana mwenyewe. Alimwambia, "Mwaitu, subiri albamu itoke." Kwa maneno hayo akajifunga mwenyewe kamba, na sasa kamba ilikuwa inakaza.

Basi baada ya ujumbe wa tano alifunga duka mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na malaria, akachukua gitaa na kwenda Juja kumlalamikia Kiama. Alilalamika kwa muda. Alisema watu wengine hawana shukrani, watu wengine wanaona muziki ni mchezo, afadhali angetafuta mwimbaji mwingine, Thika kuna waimbaji wa kumwaga. Kiama alimsikiliza huku anafuta vumbi kwenye maiki. Alipoona povu limepungua akasema, "Bro, huyo dem amekuja hapa."

Musembi akaliweka gitaa chini.

"Mara tatu. Peke yake, Monday Monday. Aliniambia nisikwambie, lakini sasa naona utalipuka." Kiama akaeleza. Wakonyo huingia, huvaa hedifoni, husikiliza dami tangu mwanzo. Sehemu yake ikikaribia huvuta pumzi ya kuimba. Halafu huivua hedifoni, huiweka juu ya kiti polepole, husema leo hapana, huondoka. "Si sauti. Sauti iko fiti. Ni kama mtu ameambiwa aweke sahihi kwa karatasi hajasoma."

Mtu mwenye busara angeketi akayafikiria maneno hayo. Musembi alichosikia ni kwamba amedanganywa. Kumbe jino lilikuwa uongo. Kumbe chama, mashine, magauni, yote maneno matupu, na yeye kila mara akijibu ugua pole. Damu ilimchemka. Alilibeba gitaa akaondoka bila kuaga, na saa tisa mchana alikuwa Kiuu, anavuka barabara ya vumbi kuelekea kwenye duka la Wakonyo, amepanga maneno ya kumkomesha.

Magauni yalikuwepo. Hilo lilimvunja nguvu mlangoni. Sita kabisa, ya rangi ya pichi, yamening'inia kwenye kamba, na Wakonyo chini yake, kanda ya kupimia shingoni, mguu kwenye pedali ya cherehani. Alimkaribisha kwa jina, akamwonyesha stuli kwa kidevu kwa sababu midomoni alikuwa na pini. Musembi aliketi. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa ya kumshtaki mtu asiye na magauni.

Kwa hiyo akafanya alichokijua. Alifungua mfuko wa gitaa. Akasema labda wimbo uko juu sana, ndio maana, na kwamba anaweza kuushusha, asikie kidogo. Vidole vilikuwa vimekwisha kushika nyuzi za kodi ya kwanza.

Wakonyo alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo. "Hiyo gitaa peleka kwa Jeconia hapo nje," akasema. "Halafu urudi."

Jeconia alikuwa fundi viatu aliyekaa chini ya kibanda mkabala na mlango. Musembi alimpelekea gitaa kama mtu anayemwachia jirani mtoto, akarudi, akaketi tena kwenye stuli, na hapo akagundua kwamba hajui mikono yake huwekwa wapi. Miaka minne, na hawakuwahi kukaa pamoja bila chombo cha muziki kati yao.

"Umeenda kwa Kiama mara tatu," akasema.

"Nimeenda."

"Na ukaniambia una jino."

"Na jino nilikuwa nalo. Nililing'oa hapa Githurai, kama unataka nikuonyeshe pengo." Hakutabasamu. Alishusha gauni alilokuwa analishona akalikunja magotini. Musembi akamuuliza basi shida ni nini, mbona nyimbo nane ameziimba bila kulalamika na huu mmoja umemshinda. Wakonyo akasema zile nane zilikuwa za kuimba. Huu umemuuliza kitu.

"Ni wimbo tu, Wakonyo."

"Sawa. Niangalie uniambie ni wimbo tu, na kesho asubuhi niko Juja."

Musembi alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi hivyo. Maneno matatu, albamu imekamilika, mabango hayajadanganya mtu, uso wake umehifadhiwa. Nje Jeconia aligonga kisigino mara nne, mara tano.

"Unaona," Wakonyo akasema. "Nikiimba hiyo nitakaa yako, wewe utatoka kwa Kiama ukijua tumeongea. Nakujua, Musembi. Utapigia mama yako simu kabla ufike stage. Wazee watakuja kwetu na mbuzi, mamangu atauliza ni nini, na mimi sijawahi kuulizwa. Hata siku moja. Wewe huwa huniulizi hata kama nimekula."

Uso ulimwaka Musembi hadi masikioni, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli, hadi simu ya stage, pale kituo cha matatu. Alikuwa ameipanga simu hiyo. Alikuwa hata ameamua atasimama upande gani wa barabara ambako mtandao ni mzuri. Alijisikia mjinga, na baada ya ujinga alijisikia na hasira, si kwa Wakonyo tena, kwa ulimi wake mwenyewe uliolala kinywani miaka yote hiyo ukingoja kupigiwa gitaa.

Akapiga moyo konde. Aliuliza vibaya, tusimfiche. Alianza na habari za bendi, akapitia siku waliyokutana, akaacha, akaanza upya. "Nakupenda," hatimaye akasema, akiangalia cherehani. Halafu akainua macho. "Nimekupenda kitambo. Nataka tuoane, kama wewe unataka. Unataka?"

Wakonyo alimtazama. Macho yalimlowa, na Musembi alipoyaona yamelowa moyo wake uliruka, masikini, kwa sababu katika nyimbo zake mwanamke akilia huwa anakubali.

"Asante kwa kuniuliza," Wakonyo akasema. "Hapana."

Mwanamke mmoja aliingia kuulizia zipu. Wakonyo aliinuka, akafungua droo, akamchagulia, akamwonyesha na rangi nyingine, akamwambia ile nyeusi itadumu zaidi. Musembi alikaa kwenye stuli wakati huo wote, magauni ya pichi yakimgusa kichwani. Hakuwahi kuona mtu akinunua zipu kwa utulivu kiasi kile. Alitamani kumtoa nje kwa mabega.

Mteja alipoondoka Musembi akauliza kama kuna mtu mwingine.

"Hakuna mtu. Heri kungekuwa na mtu, ingekuwa rahisi kukwambia." Wakonyo aliketi tena. Alisema mwaka juzi, siku ile gari la bendi lilipokwama Gatundu na wakatembea wawili na vyombo mgongoni, kama Musembi angemuuliza siku hiyo angekubali kabla hajamaliza swali. Alingoja. Alingoja kile kipindi chote, akaanza kujicheka. Halafu babake akafa.

"Ulikuja matanga," akasema. "Ulipiga nyimbo tatu. Ulipiga vizuri, hata wajomba zangu walilia. Halafu ukafunga gitaa ukaenda. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya sufuria za chai nangoja uje uniambie pole. Neno moja tu. Watu hata siwajui walikuja wakanishika mkono."

"Zile nyimbo zilikuwa zako," Musembi akasema. "Nilikuwa nakwambia."

"Uliambia kila mtu."

Hapo Musembi alipandwa na mori. Alisimama, kichwa kikanasa kwenye gauni, akalisukuma kando. Akasema basi yeye angejuaje, yeye si mtu wa maneno, kila mtu anajua si mtu wa maneno, amemwandikia nyimbo tisa, ni mwanamume gani mwingine hapa Kiambu ameandikia mwanamke nyimbo tisa? Sauti yake ilimfikia Jeconia, na nyundo ikanyamaza.

Wakonyo hakupandisha yake. "Umeandika. Na majibu yangu pia umeandika. Nikikusamehe hapo kwa wimbo, ni wewe umejisamehe. Nikikungoja, ni wewe umesema nangoja. Huyo mwanamke wa dirisha simjui. Mimi hapa kwangu pazia sijafungua tangu January, nashona." Alijipangusa jicho kwa ncha ya kanda ya kupimia. "Nilikuwa naimba nikitafuta mahali mimi niko. Nane zote. Nikachoka, Musembi. Sikukasirika. Nilichoka tu, na ikaisha."

Musembi angependa Wakonyo amtukane. Matusi yana mahali pa kushika, mtu anaweza kuyajibu, kuyabishia, kurudi nayo nyumbani na kuyakuza. Hili la kuisha halikuwa na mpini. Alisimama pale, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, akitafuta upande wa kulivutia, akaukosa.

Alipofika mlangoni Wakonyo alimwita. Alikuwa amekwisha kulirudisha gauni chini ya sindano.

"Kesho saa nne nitakuwa Juja," akasema. "Sasa naweza kuiimba."

Jeconia alimrudishia gitaa. Alikuwa ameukaza mkanda wa mfuko uliokuwa umelegea, bila kuombwa, na hakutaka chochote. Akamuuliza kama si yeye yule wa kwenye bango. Musembi akasema ni yeye. "Mnapendeza," Jeconia akasema. "Bibi yako ni mtu wa heshima hapa kwetu." Musembi akamshukuru.

Usiku ule mama yake alipiga simu na hakuipokea. Asubuhi aliamka akiwa ameamua kwamba hatakwenda. Alinyoa ndevu akiwa bado ameamua hatakwenda. Saa tatu na nusu alikuwa Juja, amekaa kwenye kochi la Kiama, akisema lazima mmoja wao asimamie kazi, ni albamu ya wawili, na kwamba Kiama asije akaharibu kiitikio.

Wakonyo alifika saa nne kasoro dakika tano. Kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima hakuwa na udhuru wala haraka. Alimpa Kiama mkono, akampa Musembi mkono, akamuuliza ameamkaje. Akasema ameamka salama. Akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango wenye blanketi, na Musembi akavaa hedifoni ya pili pale kwenye mitambo.

Gitaa lake mwenyewe lilianza. Aliisikia sauti yake inauliza, nikikuomba ukae, utakaa? Akafumba macho.

Wakonyo aliimba. Hakuvuta, hakuremba, hakuongeza ile mikunjo ya koo ambayo waimbaji hutia mahali wasipoamini maneno. Nitakaa, alisema, na neno lilikuja lote, la joto, limetulia, kama mwanamke aliyefika nyumbani akavua viatu. Hata ungechelewa miaka kumi ungenikuta hapa. Musembi alijua muziki. Pamoja na yote aliyokuwa nayo kifuani alijua kwamba katika miaka minne hakuwahi kumsikia akiimba vizuri namna hiyo, na alijua kwa nini. Jibu la kweli lilikuwa limekwisha kutolewa jana, Kiuu, kati ya magauni na zipu. Hili lililobaki lilikuwa kazi, na Wakonyo alikuwa fundi.

Wimbo ukaisha. Kiama aliivua hedifoni yake, akatikisa kichwa, akampiga Musembi begani. "Buda," akanong'ona, "huyo anakupenda. Hiyo haiwezi kuigizwa."

Mlango ulifunguliwa kidogo na Wakonyo akachungulia, hedifoni imeshuka shingoni, uso wa mtu anayetaka kujua kama akae au aende kumaliza magauni.

"Imetoka sawa?" akauliza. "Ama nirudie?"

Angeweza kumwambia arudie. Hilo ndilo lililomkata maini. Angerudia mara mbili, mara kumi, mara zozote Musembi atakazo, kila mara akimwambia nitakaa, na sauti isingetetemeka hata mara moja.

"Iko sawa," akasema. "Asante, Wakonyo."